Shajara ya mradi: bodi sita za Antminer S9 na vifaranga mia mbili, Bukavu

Jumamosi, 8 Juni 2024. Mzigo umefika

Mama mmoja wa mtaa wa Panzi anayefuga kuku wa nyama amenunua mashine mbili za Antminer S9, za kuchimba bitcoin (sarafu ya kidijitali), zikiwa zimekufa, dola 60 zote mbili. Kijana aliyezileta kwa boti kutoka Goma hakuficha kitu: haziwaki. Mama naye hana habari na bitcoin. Anachotaka ni joto. Bukavu iko karibu mita 1500 juu ya bahari, na usiku wa kiangazi kifaranga cha siku moja hakina ubishi na baridi. Makala (makaa) yamepanda bei, mbabula (jiko la makaa) inatoa moshi, na mwaka jana nusura imchomee banda.

“Fundi, hizi zikipona zitanipashia vifaranga?”

Nikamwambia zitapasha. Umeme wote unaoingia humo unatoka kama joto, sawasawa na pasi, ila pasi hii inafanya hesabu na inalipwa senti kidogo.

Mimi natengeneza simu na amplifaya za makanisa, atelie yangu iko Kadutu. S9 sikuwahi kuifungua. Naandika kila hatua kwa sababu nilitafuta maelezo yake kwa Kiswahili nikatoka mikono mitupu.

Kwa asiyeijua: S9 ilitoka mwaka 2016. Ina bodi tatu, kila moja ina chipu 63 za BM1387, jumla 189, na kila chipu imegundishiwa radiata ndogo ya alumini ya kutoa joto. Juu kuna bodi ya uongozi, mbele na nyuma feni, pembeni pawa saplai ya volti 12. Ikiwa nzima hupiga TH/s 13.5 hivi (hesabu trilioni 13.5 kwa sekunde) na kula karibu wati 1300.

Hali niliyozikuta: mashine ya kwanza feni moja imevunjika mapanga, na ukiitikisa unasikia njugu ndani ya kopo. Ya pili imewahi kulowa. Bodi moja ina kutu ya kijani kama sarafu ya zamani. Pawa saplai ni mbili, moja inanuka kuungua. Hiyo nimeiweka kando bila kuifungua, maana kondensa za upande wa 220 hubaki na umeme hata ukishachomoa, na mimi nina watoto.

Bodi nimeziandika namba 1 hadi 6 kwa kalamu ya kudumu. Tumekubaliana dola 40 mashine moja ikipona, vipuri juu yake. Isipopona, hanidai wala simdai.

Jumatano, 12 Juni. Moshi

Zile njugu zilikuwa radiata zilizobanduka njiani. Nilizimwaga nne mezani, nikaona zimeisha, nikaunganisha bodi 1, 2 na 3 niwashe nione. Sekunde tatu. Ikapiga “pa!”, moshi mweupe ukatoka bodi 2, mdogo wangu akachomoa waya kabla sijamwambia.

Radiata ya tano ilikuwa imenasa katikati ya safu za bodi 2.

Hapa ndipo mtu aelewe bodi hizi kabla ya kugusa chochote. Chipu hazilishwi zote sambamba. Zimepangwa tatu tatu, makundi 21, na umeme unapita kundi moja hadi jingine kama maji yanayoshuka kutoka tuta hadi tuta kwenye shamba la mlimani. Bodi nzima hupewa kama volti 8.8; gawa kwa 21, kila kundi lina kama 0.42. Kundi la kwanza na la ishirini yako kwenye usawa tofauti kabisa. Kipande cha alumini kikiyagusanisha, ni kama kutoboa matuta yote kwa mpigo mmoja.

Bodi 2 ina tundu linalopita upande wa pili. Haitengenezeki. Itakuwa ghala la vipuri.

Ningetakiwa kufanya hivi, na ndivyo nilivyofanya kwa zilizobaki: hesabu radiata zote, sukuma kila moja kwa kidole, inayotikisika itoe. Kisha, bila umeme wowote, pima ohmu za kila kundi na kuziandika kwenye karatasi. Namba yenyewe si muhimu sana, muhimu ni zifanane. Kundi linaloonyesha karibu sifuri wakati majirani zake wako sawa lina shoti, na hapo huwashi kitu.

Bodi 1, 3 na 4 zilifanana vizuri. Bodi 5, ile ya kutu, ilikuwa na makundi matatu ya sifuri. Bodi 6 ilikuwa sawa kwa ohmu, lakini haiitiki kabisa ikiunganishwa.

Jumapili, 16 Juni. Kuosha

Alkoholi ya duka la dawa lita mbili, dola 7, na brashi ya meno. Rafiki alinishauri kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, ni rahisi zaidi. Nilijaribu kwenye kona ya bodi 2 iliyokwisha kufa: ikakauka ikaacha utando unaonata. Kanyanga ibaki kwa wanaoijua.

Kukausha siku nzima juani, halafu usiku kucha karibu na feni. Bodi 1 baada ya kuoshwa ikawashwa peke yake, na kumbukumbu za bodi ya uongozi zikasema chipu 63. Sikuifanyia kitu kingine. Ilikuwa ni vumbi tu, na waya wa data uliolegea.

Kuwasha bodi moja moja ndiyo njia. Kila bodi ina tundu tatu za umeme wa volti 12 na zote tatu zichomekwe, tena kutoka pawa saplai moja. Kuchanganya pawa saplai mbili kwenye bodi moja ni kutafuta moshi mwingine.

Jumamosi, 22 Juni. Siku tano za kupima vibaya

Bodi 3 ilionyesha chipu 0. Volti ya bodi nzima ipo, makundi yote yana 0.42 yake. Kinachofuata ni kupima zile regulata ndogo zinazotoa volti 1.8 kwa kila kundi.

Nikapima. Kundi la kwanza 1.8. La pili 2.2. La tatu 2.6. Kundi la kumi na moja 6.0! Nikasema zimepanda wazimu. Nikang'oa mbili, nikaweka za bodi 2. Zikasoma vilevile. Nikang'oa nyingine.

Siku ya nne usiku, delestaji (mgao wa umeme) imetukalisha na taa ya simu, nikawa nasoma tu ile karatasi yangu ya namba. Zinapanda kwa kipimo kimoja, ngazi kwa ngazi. Kitu kibovu hakivimbi kwa mpangilio. Mkono mweusi wa multimeta nilikuwa nimeuacha kwenye masi kuu ya bodi (sehemu ya volti sifuri) muda wote, wakati kila kundi lina masi yake, iliyo juu ya ile ya chini kwa 0.42. Nilikuwa napima urefu wa mtoto pamoja na ngazi aliyosimama.

Asubuhi nikahamisha mkono mweusi kundi kwa kundi. Zote 1.8, isipokuwa kundi la 12: 0.3. Kwenye karatasi ya zamani kundi hilo lilikuwa limeandikwa 4.9, kati ya 6.0 na 6.8 za majirani. Lilionekana dogo, kwa hiyo sikulishuku! Regulata iliyokufa ndiyo niliyoipita, na nzima nikazing'oa.

Nimebadilisha hiyo moja. Chipu 63. Kazi ya dakika ishirini iliyochukua siku tano, na regulata tatu nilizozitoa bure mdogo wangu amezipanga mezani kama ushahidi wa mahakamani.

Vipimo vya alama zinazopita kati ya chipu na chipu, mkono mweusi ukiwa kwenye masi ya kundi husika: CLK (mapigo) volti 0.9, CO (amri) 1.8, RI (majibu) 1.8, BO (ishara ya shughuli) 0, RST (kuanza upya) 1.8. Nimeviandika ukutani.

Jumanne, 25 Juni. Chipu ya 39

Bodi 4 ilihesabu chipu 38 halafu kimya. Amri hutoka bodi ya uongozi na kupita chipu kwa chipu hadi ya mwisho. Majibu hurudi kwa njia ya RI, kutoka ya mwisho kuelekea ya kwanza. Ikiwa 38 zinaonekana, ya 39 ndiyo inayoziba njia, au kiungo kilicho kati yake na ya 38.

Kutoa chipu moja si kama simu. Miguu yake iko chini, na bodi ni nene, inanyonya joto lote. Niligeuza pasi ya umeme uso juu, nikaweka bodi sentimita mbili juu yake kwa vipande vya tofali, nikasubiri dakika saba hadi tone la flaksi (dawa ya kulehemu) likaanza kutambaa lenyewe. Ndipo nikaleta hewa moto ya 360. Radiata kwanza, unaibana na koleo na kuizungusha polepole. Ukiivuta kwenda juu inaondoka na njia za shaba. Kisha chipu ikatikisika kidogo kama jino la mtoto, nikaiokota.

Chipu kutoka bodi 2, risasi mpya ya kulehemu chini, ikakaa vizuri. Nikawasha: 38.

Nikarudia kulehemu. 38.

Mdogo wangu akaniuliza mimi mkubwa wake: “Yaya, unahesabia kutoka wapi?” Nilikuwa nahesabu kutoka upande ulio mbali na tundu la waya wa data. Mnyororo unaanzia kwenye lile tundu. Chipu niliyobadilisha ilikuwa ya 25, mzima wa afya, niliyemfukuza kazi bure. Ya 39 yenyewe ilikuwa upande wa pili, na RST inaingia 1.8, haitoki. Nikaibadilisha: 63.

Flaksi dola 6, risasi ya kupaka 8, gundi ya joto ya radiata 9. Feni iliagizwa Goma, dola 15 pamoja na nauli ya boti.

Jumamosi, 29 Juni. Imekufa tena

Bodi 1, 3 na 4 ndani ya mashine moja. Jumatano ilipiga saa sita atelie bila shida. Alhamisi tukaipeleka Panzi. Ijumaa jioni Mama akapiga simu: inanguruma, inanyamaza, inanguruma. Nilikuwa njiani kwenye pikipiki. Mdogo wangu aliyekuwa pale alihesabu mara 31 kabla ya kuchomoa. Asubuhi hii bodi 4 ina chipu 0.

Nilichoka, sitaficha. Nikaanza kuichunguza chipu ya 39 kwa kioo: risasi niliyoiweka mimi imepasuka upande mmoja, ufa mwembamba kama unywele. Nikaipasha tena, ikarudi 63. Lakini risasi haipasuki yenyewe siku ya pili.

Jumatano, 3 Julai. Kupima ukuta

Tangu 8 Juni nimepima kila kitu kwenye mashine hizi isipokuwa tundu la ukutani. Leo nimekaa nyumbani kwa Mama na multimeta toka mchana.

Saa nane mchana: 209. Saa moja na nusu jioni, majiko yote ya mtaa yamewashwa: 168. Saa tano usiku: 205. Saa kumi alfajiri: 221.

Pawa saplai hii ya APW3++ inatoa wati 1600 ikipata volti 205 kwenda juu. Chini ya hapo mpaka wake ni kama 1200. Mashine inataka 1300. Basi jioni inazidiwa, inajikinga kwa kujizima, mashine inaanza upya, inapanda hadi nguvu kamili, inazidiwa tena. Chipu zinapata moto na kupoa, moto na kupoa, na risasi ya fundi anayejifunza ndiyo inayoachia kwanza.

Juu ya hayo tundu lenyewe lilikuwa limelegea, plastiki imeyeyuka kuzunguka mguu mmoja, na waya wa upanuzi ni ule mwembamba wa taa. Nimeweka waya wa milimita 2.5 moja kwa moja kutoka kwenye mita na soketi mpya, dola 11.

Jumatatu, 8 Julai. Dola 35 zilizopotea

Nilinunua stabilizata, kifaa cha kusawazisha volti, iliyoandikwa 3000 VA. Ilipopata mzigo na volti 170 ikaanza kugonga rilei kama kuku anayedonoa bati, ikanuka, ikazima. Nilipoifungua, transfoma yake ni ya kubeba friji moja. Muuzaji: “Ukishafungua ni yako.” Kweli ni yangu. Iko chini ya meza.

Jumapili, 14 Julai. Kupunguza badala ya kulazimisha

Kama ukuta hautoi wati 1300 jioni, mashine isiombe 1300. Nimeandika Braiins OS, programu nyingine ya kuendesha mashine, kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu (dola 6), nikahamisha kidaraja JP4 kwenye bodi ya uongozi ili isome kadi, ikawaka mara ya kwanza. Programu ya zamani imebaki salama ndani. Ukirudisha kidaraja inarudi.

Hesabu ya mwendo ni rahisi. Kila chipu ina viini 114. Chipu 189 mara 114 mara MHz 625 inakupa ile TH/s 13.5 ya kiwandani. Nimeshusha hadi MHz 450, yaani TH/s 9.7 kwenye karatasi, nikashusha na volti za bodi kidogo. Kwa uhalisia inaonyesha 9.3 hadi 9.5. Kipima wati cha dola 10 kinasoma 840 ukutani.

Jioni ya leo kwa volti 166 imepiga saa tatu mfululizo. Haijajizima.

Kwa anayewaza utajiri: mtandao wote wa bitcoin mwezi huu wa Julai 2024 uko karibu EH/s 600 (TH/s milioni 600), na tangu malipo ya wachimbaji yakatwe nusu mwezi wa Aprili kila bloku (ukurasa mpya wa daftari la bitcoin) inalipa bitcoin 3.125, yaani kama bitcoin 450 kwa siku kwa dunia nzima. Sehemu ya TH/s 9.4 ni kama satoshi 700 kwa siku (satoshi milioni mia ndiyo bitcoin moja), chini ya nusu dola. Umeme ni kWh 20 kwa siku. Zidisha kwa bei ya mita yako, utaona kwa nini nasema hii ni hita. Mama anaelewa, mtoto wake wa chuo bado ana matumaini.

Jumamosi, 27 Julai. Vifaranga wameingia

Jumatano vifaranga 200 walifika kutoka ng'ambo ya Ruzizi. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 33 hivi.

Mashine haikai ndani ya banda. Vumbi la takataka za mbao na manyoya lingeimaliza kwa mwezi, na kelele yake hata mimi siivumilii. Iko kwenye chumba cha jirani, hewa moto inapita kwenye bomba la bati lililokunjwa na fundi wa mabomba ya mvua. Kwenye mdomo wa kuvutia hewa nimefunga kipande cha chandarua. Kinaoshwa kila siku mbili, na maji yanatoka meusi. Chini ya mdomo wa bomba ni nyuzi 41, kwenye kona ya mbali 30. Vifaranga wanachagua wenyewe wapi pa kulala.

Usiku wa Alhamisi umeme haukukatika. Kilichoisha ni data. Mashine inapata intaneti kwa ruta ndogo ya kadi ya simu, na saa nane usiku kifurushi kikaisha. Bila intaneti haina kazi ya kufanya, chipu zinalala, wati zinashuka, na feni zinaendelea kuvuta hewa baridi ya usiku na kuipuliza juu ya vifaranga. Nilifikiria volti, moshi, kutu, panya. Data sikuifikiria hata mara moja.

Mama aliwakuta wamerundikana kwenye kona moja. Kumi na wanne chini ya rundo walikuwa wamekufa. Aliniambia kwa sauti ya chini, na hakugombeza, jambo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 10 Agosti. Kengele

Nimeweka kidhibiti joto kidogo cha W1209 kwenye banda, kimeunganishwa na betri ya pikipiki ya zamani na honi yake. Joto likishuka chini ya 28, honi inalia. Betri na honi vilikuwa vyangu, kidhibiti pia kilikuwa kwenye droo; hivyo sikumdai, nikakata na dola 14 kwenye ujira wangu, dola moja kwa kifaranga. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Kifurushi cha data sasa ni cha mwezi mzima. Mbabula imepangwa makala tayari, haijawashwa, mlangoni.

Vipuri na vifaa kwa jumla dola 107, ukiitoa stabilizata ni 72. Bodi 2 imebakiwa na chipu zinazofaa kiasi, sijazipima zote. Bodi 5 nimeikata tamaa. Bodi 6 nadhani ni ile chipu ndogo iitwayo PIC, inayoongoza volti, imepoteza programu yake. Nasubiri kifaa cha kuiandika upya, kisha nitajua.

Kwenye ukurasa wa hali, bodi 4 imeonyesha alama ya x kwenye chipu ya 39 mara mbili wiki hii, halafu ikarudi yenyewe. Sijaigusa.

Jumanne saa saba usiku umeme ulikatika. Honi ikalia, majirani watatu wakatoka nje wakidhani pikipiki inaibwa. Mama aliwasha mbabula kabla banda halijafika nyuzi 26.